Ng'amba, Uyoga na Mkasi

Likuni, 12 Januari 2025

Mjomba Ezechiel,

Nakusalimu kwa mikono miwili na kwa kalamu moja ambayo wino wake unakaribia kwisha. Nilifika salama. Mvua ya hapa inanyesha kila mchana, nsima, ugali wa huku, ni ileile, maharagwe yamezidi maji. Simu zetu masista walizikusanya siku ya kwanza, kwa hiyo usiseme nimekusahau. Barua hii nampa Mama Nella akija sokoni Chinsapo kununua zipu na vifungo. Akirudi kambini Dzaleka atakufikishia hapo kwenye cherehani yako. Mama anaendeleaje? Nilipomwacha baada ya Noeli alikuwa bado anachoka akibeba ndoo nusu. Mwambie asijifanye kijana.

Sasa shida yangu. Mwalimu wetu wa biolojia alitia vikaratasi ndani ya kofia, kila mtu akachota viwili. Viumbe utakavyochota njo utakavyolinganisha: vinaishije, vinazaaje, vinajilindaje. Carelle amepata simba na chui, yeye na bahati yake. Mimi nimechota ng'amba, yule kasa wa baharini mwenye mdomo kama wa ndege, pamoja na uyoga wa kichuguu. Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, maana niliwaza: hii kazi ni ya Mjomba. Nani mwingine Dzaleka nzima alikaa Mtwara miezi minane akishonea wake za wavuvi? Na nani mwingine anajiita Profesa wa Uyoga tangu kwetu Fizi?

Niandikie yote unayoyajua. Hasa ya uyoga, baada ya yale ya Desemba, ule uyoga mbaya wa yule mama wa sokoni ulipowalaza nyote na mama akatundikiwa maji siku tatu. Nataka kueleza watu wanawezaje kujua.

Mpwa wako,
Arlène


Dzaleka, 26 Januari 2025

Binti ya dada yangu, madame la biologiste,

Barua yako imefika ikinuka sabuni, kwa sababu Mama Nella aliiweka pamoja na miche yake. Nimeisoma kwa miwani ya kuazima. Mwandiko wako bado unatembea kama kuku aliyekanyaga gundi, lakini nimefika mwisho. Sisi ni wazima. Mama yako, dada yangu mkubwa, yaya Orpa, anakusalimu. Jana ameanza kunigombeza tena, kwa hiyo nguvu zinarudi. Mchungaji Épitace ameniletea suruali nipunguze kiuno. Nimemwambia, Mchungaji, kiuno hakipungui kwa mkasi. Hakucheka.

Tuje kwenye ng'amba. Mi nimemwona kwa macho haya. Gamba lake lina rangi ya asali na rangi ya kahawa iliyoungua, na vipande vyake vinalaliana kama vigae. Mdomo wake umechongoka ili achokonoe chakula kwenye nyufa za matumbawe. Na chakula chenyewe ni nini? Sifongo. Ndiyo, sifongo wa baharini, kiumbe ambacho wanyama wengi hawakigusi kwa sababu baadhi ya sifongo wana sumu. Ng'amba anakula, na sumu haimsumbui, inakaa tu ndani ya nyama yake. Jike hupanda mchangani, anafukia mayai zaidi ya mia, anaondoka bila kugeuka. Siku hizi ni marufuku kumgusa, na ni vizuri.

Lakini zamani kidogo, huko Mtwara, majirani wa mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, walimla. Mwezi mmoja kabla walikuwa wamekula mwingine, wakalamba vidole. Huyu wa pili aliwachoma midomo, wakalala chini nyumba nzima. Hata mtoto wa kunyonya aliugua kwa maziwa ya mama yake. Mi sikula. Usidhani ni hekima, sikualikwa. Bi Somoe aliniambia kwamba wazee walikuwa wanamtupia kunguru kipande kwanza. Kunguru akila akabaki mzima, na watu wanakula. Hata hivyo wengine waliugua na kunguru anaruka.

Kwa hiyo andika hivi, na upige mstari chini yake: mnyama ni yuleyule, jana chakula, leo sumu, kwa sababu ya alichokula huko chini ambako hakuna aliyekuwepo. Hakuna jicho linaloweza kujua. Mvuvi hana kosa, mpishi hana kosa.

Uyoga: unaota wakati wa mvua. Ni mtamu na karanga. Mengine utayapata kwenye kitabu.

Mjomba wako,
Ezechiel Mulenda, fundi wa kupunguza viuno


Likuni, 6 Februari 2025

Mjomba,

Salamu nyingi, na pole kwa Mchungaji. Hapa Carelle alipata malaria, sasa amepona, anakula sehemu yake na yangu. Mama Nella alichelewa wiki nzima, eti kibali cha kutoka kambini kilikawia, njo maana nilidhani umenisusia.

Asante kwa ng'amba. Mwalimu aliposoma juu ya kunguru alimwita mwenzake aje asikie. Lakini Mjomba, nimehesabu: ng'amba kurasa nne, uyoga mistari miwili. Na mstari mmoja kati ya hiyo ni upishi. Wewe, ambaye ukianza kusifu uyoga wa Fizi kwenye arusi watu wanahamisha viti. Unaumwa?

Kuna habari nyingine. Kazi yangu imechaguliwa. Siku ya wazazi, tarehe 15 Machi, itabandikwa ukutani kwa herufi kubwa, wageni wa Lilongwe waisome. Mwalimu anataka mfano wa kweli upande wa uyoga, wenye mahali na jina, kama ulivyo wa Bi Somoe upande wa ng'amba. Mi nimeanza kuuandika: "Mwezi wa Desemba, katika soko la Dzaleka, mwanamke aitwaye Mai Zelifa aliiuzia familia yangu uyoga wa sumu." Nieleze vizuri. Ulinunua saa ngapi? Alisema nini alipokuuzia? Nataka liwe sawasawa, maana kuna wanafunzi wa vijiji vya huko huko Dowa, jirani na Dzaleka, watalisoma.

Arlène


Dzaleka, 13 Februari 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako mzima. Mvua imevunja choo cha jirani zetu, kina René. Cherehani imekataa kushika uzi tangu Jumatatu, sijui ni sindano au ni mimi.

Nafurahi kwa ajili ya ukuta. Ila jina la yule mama usiliweke. Sio vizuri kubandika jina la mtu ukutani. Weka "mwuzaji fulani". Au weka ng'amba peke yake, anatosha.

Mama Nella anangoja, naishia hapa.

Ezechiel


Likuni, 23 Februari 2025

Mjomba,

Natumaini cherehani imepona. Barua yako ilikuwa fupi hadi nikaigeuza nyuma kutafuta nyingine.

Jana mama alikuja kunitembelea. Alifika amechoka, akakaa kwenye nyasi, tukala machungwa. Lakini kabla hajafika nilikuwa nimeenda jikoni kumwuliza mpishi wetu, mwanamke wa Dowa, juu ya uyoga. Yeye anasema uyoga wa kichuguu hauulizwi jina, unaulizwa mzizi. Una mzizi mrefu kama mkono, unashuka hadi kwa mchwa wenyewe, kwa sababu mchwa njo wanaoulima huko chini. Wanawake wa vijijini wanauchimbua polepole kwa kijiti, na wanauuza na mzizi wake, mnunuzi auone. Kuna mwingine unaofanana nao, unaota kwenye nyasi. Huo hauna mzizi. Una pete shingoni, na ukikomaa mikunjo ya chini ya kofia yake inageuka kijani.

Kwa hiyo nilimwuliza mama, kama mwanafunzi tu: "Mama, ule wa Desemba ulikuwa na mizizi?"

Mama akawaza. Akasema, "Hapana. Ulikuwa umekatwa sawasawa, kama kitambaa."

Akaendelea kumenya chungwa.

Mjomba, sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba mahali pa jina bado pako wazi.

Arlène


Dzaleka, 27 Februari 2025

Arlène,

Salamu zote za siku zote zichukue kama nimeziandika. Barua hii nimeianza mara tatu tangu mwanzo wa mwezi. Karatasi mbili za kwanza nilizigeuza kielelezo cha kola, na shati lililotoka humo halikai shingoni. Nilitaka kukuambia kabla hujagundua. Umegundua kwanza. Hata hiyo nimeshindwa.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya siku tatu za mvua. Nilikuwa napeleka mkasi wangu kunolewa. Nyuma ya kanisa, kwenye nyasi, nikauona uyoga: vichwa kumi na vitatu, vyeupe kama mashati yaliyofuliwa. Moyo wangu ukarudi Fizi mbio. Baba yangu alinifundisha uyoga wa kwetu, na kwetu huu mwingine sikuuona, au kama ulikuwepo hakuwahi kunionyesha. Sikuchimbua. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikakata, tyep, tyep, kama mtu anayepunguza pindo. Niliona ile pete shingoni. Nikajiambia, labda uyoga wa Malawi umeolewa.

Na sikiliza, hii njo inayoniamsha. Mwendesha kabaza mmoja, hizi baiskeli za abiria, alipita, akasimamisha baiskeli, akasema, "Bambo, zimenezo ayi." Yaani, bwana, hiyo hapana. Miaka kumi na miwili niko nchi hii, Kichewa nakisikia vizuri. Nilimwitikia "zikomo," asante, nikainamisha kichwa kama profesa anayesalimiwa na mwanafunzi, nikaendelea kukata.

Mama yako aliuliza umetoka wapi. Je, nikamwambia mi njo nimeuchagua, mjue mnakula kazi ya mtaalamu? Hapana. Nilitaka kumfanyia mshangao baada ya kula. Nikasema nimenunua kwa Mai Zelifa. Uongo ulianza mdogo hivyo, wa kuchekesha. Saa mbili baadaye sote tulikuwa tumeshika matumbo. Kliniki wakauliza tena, na mi nimepiga magoti juu ya beseni, nikatapika, nikasema "kwa Mai Zelifa," nikatapika tena. Mtu anayekaribia kufa, wanasema, husema kweli. Mi nilipata nafasi hiyo nikaitumia vibaya.

Jumatatu Mai Zelifa alikuja sokoni na sinia lake la uyoga kama kawaida. René na wenzake walilimwaga, wakakanyaga. Yeye analia kwa Kichewa, wao wanafoka kwa Kiswahili: "Unataka kutuua sisi bakimbizi?" Pale sokoni mtu aliyekuwa anasikia lugha zote mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho, nilikuwa mi, umbali wa hatua ishirini. Sikuinua macho. Nilishona mkono wa kulia wa shati kwenye bega la kushoto. Hajarudi tangu siku ile.

Ng'amba nilikuandikia kurasa nne kwa sababu alinifaa. Nilitaka dunia ambamo hakuna anayeweza kujua na hakuna mwenye kosa. Lakini uyoga sio ng'amba, Arlène. Ng'amba huwezi kumjua hata ukimgeuza mara mia. Uyoga unajulikana. Una mzizi au hauna. Na kuna watu wanaojua, nao walinisimamishia baiskeli.

Usimwambie mama yako. Hapana, futa hiyo. Sijui nikuombe nini.

Ezechiel


Likuni, 2 Machi 2025

Mjomba,

Nimeandika "Mjomba" kwa sababu ya mazoea. Leo sijui vizuri nikuiteje.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilisoma sehemu ya soko tu. Mi pia nilimchukia yule mama Noeli nzima. Nilisali dhidi yake, kwa sauti, na wewe ulikuwa umekaa kiti cha pili, ukasema amina.

Mama sitamwambia. Hiyo ni kazi yako. Jina la Mai Zelifa nimelifuta. Nimelifuta kwa nguvu, karatasi imetoboka. Lako sijaliandika. Naweza kuliandika leo, mkono wangu uko tayari, lakini sitaki watu wa ukutani wajue kabla hajajua mama wala Mai Zelifa mwenyewe. Tarehe 15 iko karibu. Nangoja barua moja tu.

Arlène


Dzaleka, 11 Machi 2025

Mpwa wangu,

Nakusalimu nikiwa nimeketi, kwa kuwa magoti yananiuma. Utaona kwa nini. Mama yako mzima, na sasa ana hasira ya mtu mzima kabisa.

Nilimwambia Alhamisi, anachambua mchele. Hakusimamisha mikono. Nilipofika kwenye mkasi akasimamisha. Ungo uliinama, mchele ukateleza upande mmoja. Kisha akasema, "Na mi nilimtukana yule mama mbele ya kanisa lote."

Nikasema, "Nitampelekea kitenge, yaya."

"Uende bila kitenge. Uende na mdomo."

Ijumaa nikavuka dambo, lile bonde la majimaji, hadi kijijini kwake, maji yakinifika magotini. Nilimkuta anapalilia karanga. Nilisema kwa Kichewa changu chote, na pale kilipoisha niliongeza mikono. Hakunikatiza. Alipomaliza mstari wake wa karanga akasema, "Telala," yaani fundi nguo, "nilidhani ni wewe. Wengine wote walinitazama siku ile. Wewe ulikuwa unashona."

Niliinama nikang'oa gugu moja.

"Uyoga wangu haukumwagwa hapa," akasema. "Ulimwagwa sokoni. Maneno haya yapeleke yalikomwagwa."

Jumamosi akaja na sinia lake. Nilipiga magoti kando yake kwenye udongo, sio kwa unyenyekevu, hapakuwa na kiti. Nikasema yote kwa Kiswahili, kisha nikasema yote kwa Kichewa, ili asibaki mtu wa kusikia nusu. Mara ya pili ni mbaya zaidi, maana waliosikia ya kwanza tayari wanakutazama. René alikuwepo. Akauliza, "Mzee, na mi niliyemwaga?" Nikamwambia, "Mi njo nilikutuma, bila kufungua mdomo." Akainama akamwomba yule mama msamaha kwa Kichewa kibovu kuliko changu. Hiyo nayo iko juu yangu.

Nikataka kuinuka. Mai Zelifa akanipa uyoga mmoja mkononi, mkubwa, na mzizi wake mrefu wenye udongo. "Inua," akasema. "Waonyeshe." Asubuhi nzima nimeinua ule uyoga kama mshumaa, naita, "Tazameni mzizi! Usio na huu msile!" Vijana wanapita: "Profesa, leo darasa gani?" Nawajibu, "La kwanza." Mchungaji Épitace alipita na suruali yake, na safari hii alicheka.

Andika jina langu, Arlène. Ezechiel Mulenda, fundi nguo, Dzaleka. Andika na mwendesha kabaza, na neno lake "ayi," na mkasi. Pale palipotoboka bandika karatasi kwa nyuma, kiraka, uandike juu yake. Kitaonekana. Acha kionekane.

Lililobaki ni hili. Karibu saa sita mama yako alikuja sokoni. Alichuchumaa mbele ya sinia, akaokota uyoga mmoja mmoja, akapitisha kidole kwenye kila mzizi. Mi hakunitazama. Alinunua fungu kubwa, akamwambia Mai Zelifa, "Njoo tule." Yule mama akaja. Mi nikafuata nyuma yao nimebeba sinia, hakuna aliyenialika, hakuna aliyenifukuza.

Ulipikwa na karanga. Mama yako akapakua sahani moja tu, akaiweka mbele yangu. Wao wawili wakakaa, mikono mapajani.

Nikasema, "Tusali kwanza, yaya?"

"Kile kisa chako cha Mtwara nimekisikia kila arusi," akasema. "Kula. Leo we njo kunguru."

Nikala. Walinitazama kijiko hadi kijiko. Ulikuwa mtamu. Nilipomaliza tulingoja, sijui muda gani, kuku wakazunguka sufuria mara mbili. Kisha mama yako akampakulia Mai Zelifa, halafu akajipakulia yeye, wakaanza kuongea mambo yao ya karanga na mvua. Mi nilibaki pale na sahani tupu, naona haya, nimeshiba.

Mjomba wako, kama bado,
Ezechiel